Papa, Uliinua Nyuzi Zangu

Papa Kalonda,

Sikuulizi habari za huko. Nina hasira na wewe, na mtu mwenye hasira akiuliza habari anauliza kwa mdomo tu. Za huku nitakupa zote, kwa sababu ulipenda habari kuliko chai, na kwa sababu safari hii habari yenyewe ni wewe.

Miezi saba imepita tangu tukuzike. Mvua zile zimeisha, kiangazi kimeingia, na vumbi la barabara linaingia ndani ya atelie, karakana yetu, kama zamani, linakaa juu ya meza yako, ninalifuta asubuhi na mchana liko tena. Kibao chako cha mlangoni, "Kalonda, Fundi wa Gitaa, Kasongo", sijakigusa. Watu wa Nyangwe bado wanaleta magitaa yaliyovimba kwa unyevu wa mto. Vijana wachimba dhahabu wa Lusangi bado wanaleta yao yakiwa na udongo mwekundu hadi ndani ya tumbo, halafu wanashangaa kwa nini sauti imekauka. Zamani waliniita "ule dada wa kwa Kalonda". Sasa wananiita Mama Fundi. Mara ya kwanza niliposikia hivyo niligeuka kukutafuta nikuone ukicheka.

Barua hii ilitakiwa iwe ya kukulilia. Nilianza kuiandika mwezi wa pili baada ya kilio, nikafika mstari wa nne, nikaloanisha karatasi, nikaichana. Ningejua nitakachokikuta baadaye ningeimaliza ile. Ilikuwa barua nzuri, na niliyemwandikia nilikuwa nikimpenda bila shaka yoyote.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ili usije ukasema nimekuhukumu bila kukumbuka mema.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka ishirini na mmoja, gitaa la marehemu mjomba wangu wa Kabambare mgongoni, daraja lake, ule ubao wa tumboni unaoshika nyuzi, limebanduka. Hukutaka kunichukua. Ulisema atelie haina nafasi ya msichana wa kwaya, kwamba nitaleta nyimbo na kuondoka na msasa. Kisha ukapiga gitaa moja la mteja ukiniringishia, nikakuambia uzi wa nne unagusa chuma cha saba cha shingo. Ukapiga tena, ukainama, ukasikiliza. Ukamwita mkeo, Mama Veronika, aje amwone "mutu mwenye masikio". Kesho yake nikaanza kazi, na hapo nilikaa miaka kumi na tano.

Ulinifundisha kila kitu kuhusu kimo cha nyuzi. Zikiwa juu mno, kidole kinaumia, na mbaya zaidi, ukizibonyeza sauti inapanda, unapiga wimbo sawasawa na bado watu wanasikia umekosea. Zikiwa chini mno, zinagonga vyuma vya shingo na gitaa linalia kama nzi ndani ya chupa. Kipimo chetu hakikuwa rula. Kilikuwa zile kadi ngumu za plastiki zinazobaki mtu akishatoa laini yake ya simu. Unazipanga pamoja, unazipenyeza chini ya uzi mnene, juu ya chuma cha kumi na mbili. Kadi tatu zikipita bila kuuinua uzi na bila kucheza, gitaa limekaa. Mbili kwa mtu mwenye vidole laini. Nne, ulisema, ni kwa mtu anayetaka kutubu dhambi zake bila kwenda kwa padri.

Ukitaka kuzishusha, unatoa ule mfupa mwembamba uliokaa juu ya daraja, unausugua upande wa chini kwa msasa, polepole, unarudisha, unapima. Ukitaka kuzipandisha, unaweka kibanzi cha mti chini ya mfupa. Kazi yenyewe ni hiyo. Mtu akiitazama anadhani ni mchezo. Wewe ulinifundisha kwamba kati ya gitaa linalopigika na gitaa linalotupwa kuna unene wa ukucha.

Na ulinifundisha sheria ya nyumba. "Mutu hapimi gita yake mwenyewe. Miye minapima yako, weye unapima yangu." Ulisema kidole kinajua mahali pake panapouma, kwa hiyo kitamdanganya mwenyewe. Niliamini. Mpaka leo nadhani sheria yenyewe haikuwa mbaya.

Mara mbili kwa mwaka, mvua ya kwanza ikinyesha na tumbo la gitaa likianza kuvimba, na tena kiangazi kikiingia na mti ukianza kukauka, tulifunga mlango kwa wateja tukabadilishana magitaa. Mama Veronika alileta mihogo ya kuchemsha na karanga, na chai ile yake ya tangawizi inayokwaruza koo. Ulikaa upande wako wa meza, mimi wangu. Hatukuongea sana. Papa, nilizipenda siku zile kuliko Noeli. Baba yangu mzazi hakuwahi kukaa meza moja na mimi saa nzima, na wewe ulikaa nami tangu asubuhi hadi jua linaegemea.

Gitaa lako nililitendea kama mtoto mchanga. Miaka ya mwisho ulilalamika vidole vinakufa ganzi, kwa hiyo nikatafuta namna ya kulishusha zaidi. Nilisugua vyuma vyote vya shingo kwa siku mbili ili nyuzi ziweze kulala chini bila kulia. Nilifika kadi mbili kamili. Ulipolipiga ulifumba macho, ukasema "Aksanti, mutoto yangu." Niliibeba ile aksanti wiki nzima.

Na wewe, upande wa pili wa meza ileile, ulikuwa unafanya nini na langu?

Nilikusikia ukihesabu. "Moja, mbili, tatu. Iko sawa." Sikuinua macho kuangalia. Kumchungulia mtu anayekupimia ingekuwa kama kuhesabu nyama uliyopakuliwa mbele ya aliyekupakulia. Nililichukua gitaa langu, nikashukuru, nikalifuta na kulirudisha kwenye mfuko wake.

Sasa nikukumbushe Kabambare, ingawa hili huhitaji kukumbushwa.

Miaka sita iliyopita, Mwamini, kiongozi wa kwaya ya parokia ya Kabambare, aliniletea barua kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa pikipiki. Walitaka nikae nao, niongoze magitaa, niwafundishe wengine, na niimbe nao zile nyimbo za Kibangubangu alizonifundisha mjomba. Nilikuja mbio kukuonyesha. Ilikuwa siku yetu ya kubadilishana, mvua ya kwanza, mihogo iko mezani. Uliisoma barua mara mbili. Ukasema, "Ni vizuri sana. Lakini subiri mwaka moja, ujitengeneze." Nikaona ni busara ya mzee. Nikasubiri.

Katika mwaka ule vidole vyangu vilianza kuniuma. Nilikuja nikakuonyesha ncha zake, zimechanika. Ukazishika, ukazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, ukatikisa kichwa kwa huruma. Nilikuuliza kama nyuzi haziko juu, nakumbuka kabisa, nilikuuliza. Ulilichukua gitaa, ukapima tena, ukahesabu tena tatu, ukasema gitaa la kwaya lazima liwe na nguvu, kanisani hakuna kipaza sauti. Ukasema nifanye mazoezi zaidi. Nikafanya. Niliweka vidole kwenye maji ya chumvi, nikapiga tena.

Kiangazi kilichofuata nikapanda pikipiki hadi Kabambare, gitaa limefungwa mgongoni kwa kitenge. Unaijua ile barabara, na madaraja yake ya magogo ambayo unashuka, dereva anapita kwanza, wewe unafuata ukiomba. Walinipokea kwa nyimbo. Jumapili ile kanisa lilijaa hadi nje. Wimbo wa kwanza nilipita. Wa pili kidole cha kwanza kikakataa kulala juu ya nyuzi zote sita. Wa tatu sauti ikaanza kupanda, na waimbaji wakaanza kunitazama, wengine wakajaribu kunifuata huko juu, wengine wakabaki chini, mpaka kwaya nzima ikawa haijui iko wapi. Mwamini akawapa ishara waendelee bila gitaa. Bila gitaa, Papa. Nilisimama pale mbele ya watu wa ukoo wa mama yangu nikiwa nimekumbatia kitu kisichotoa sauti, hadi mwisho wa misa.

Nilirudi Kasongo na vumbi usoni na sikutaka hata kunawa. Ulinipokea mlangoni. Hukuniuliza. Uliketi karibu nami kwenye lile benchi la nje, ukasema maneno ambayo nimeyashika kama sala tangu siku ile: "Feza, iko haya gani? Mungu anagawa. Weye alikupa mikono ya kutengeneza, si ya kupiga. Kaa hapa na miye."

Nikakaa. Nikalitundika gitaa la mjomba ukutani, juu ya makopo ya gundi. Kwenye kwaya ya hapa nikaomba ruhusa, nikasema kazi ni nyingi. Watu walipoleta magitaa yao niliyapiga nusu wimbo kuyajaribu, kisha nikawarudishia wapige wenyewe. Nilisimama palepale nikisikiliza watu wengine wakipiga kwenye vyombo nilivyovifanya viwe laini kwa mikono yangu. Kila mara nilijiambia, Mungu anagawa. Nilikuwa sijui kwamba aliyegawa ni wewe.

Wewe ukafa na mvua. Kiangazi kikaingia, siku ya kubadilishana ikafika, na hapakuwa na wa kubadilishana naye. Nilifunga mlango hata hivyo. Nikapika mihogo mwenyewe. Nikalitoa gitaa lako, nikalipima, nikalirudisha, na langu nikaliacha ukutani kwa sababu sheria ni sheria. Nililia mezani mpaka chai ikapoa. Nikukumbushe tu ni mtu wa namna gani uliyemfanyia hivi.

Wiki tatu baadaye akaja Mwamini mwenyewe, kutoka Kabambare, na gitaa la kwaya yao lililopasuka ubavuni. Nilimwambia gundi inahitaji kukauka, asubiri hadi jioni. Mwamini si mtu wa kukaa bure. Akalishusha langu ukutani, akajaribu kupiga, akatoa mkono haraka kama aliyeungua. Kisha akacheka, akasema kwa heshima ya mtu kwa dada yake mkubwa, "Yaya Feza, hii ni gita ao mutego ya panya?"

Nilimkasirikia. Nilimwambia gitaa hilo limepimwa na Papa Kalonda mwenyewe kila mwaka mara mbili, na yeye ni nani. Mwamini hakubishana, alinisogezea tu kwa upole. Nikachukua kadi ili nimwaibishe. Ya kwanza ikapita. Ya pili, ya tatu. Bado kulikuwa na nafasi. Ya nne. Ya tano. Ya sita ikapita na uzi haukutikisika.

Nilikaa chini. Nakuapia, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kukutetea. Nikasema shingo imepinda kwa sababu gitaa lilitundikwa muda mrefu. Nikaitazama kwa jicho moja toka juu hadi chini, ilikuwa imenyooka. Nikasema tumbo limevimba. Katika kiangazi? Nikalegeza nyuzi, nikatoa mfupa, na chini yake vikatoka vibanzi vinne, vimepangana vizuri, vimekatwa kwa kisu chako chembamba. Nakijua kisu chako kinavyomaliza pembe. Cha chini kabisa kilikuwa kimeshakuwa cheusi kwa jasho na vumbi. Cha juu kilikuwa bado cheupe.

Vinne, Papa. Sikuacha kuvihesabu siku nzima ile. Kwa rangi tu nilijua viwili ni vya zamani, vya ule mwaka wa kusubiri. Vile vingine viwili uliviweka baada ya mimi kurudi nimeshindwa, gitaa limetundikwa, silipigi, sina tena habari nalo. Na bado ukaongeza. Hapo ndipo sikuelewi. Ningeelewa mtu anayemfungia mwenzake mlango. Simwelewi anayerudi baadaye kuupigilia misumari wakati mwenzake ameshalala.

Hata hapo bado nilikutafutia njia. Nilijiambia alikosea, macho yalikuwa yamechoka, alipima vibaya. Nikaviweka vibanzi ndani ya bahasha, nikaenda nyumbani kwako. Mama Veronika alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Nilipomwaga vile vibanzi juu ya kinu kingine kilichogeuzwa, hakuuliza ni nini. Aliacha mchi, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu, akarudi na kopo lako la tumbaku.

Ndani mlikuwa na kadi tatu. Kwa macho ni kadi za kawaida. Nilizishika nikajua kwa uzito. Kila moja ilikuwa kadi mbili zilizobandikwa kwa gundi yetu ya mbao, zikasuguliwa pembeni kwa msasa laini mpaka mshono hauonekani. Hizo ndizo ulizonihesabia. Moja, mbili, tatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilikuwa kazi safi. Ulikaa mahali, na mikono yako ile, ukasugua pembe za uongo wako kwa subira yote uliyonifundisha mimi.

Mama Veronika alisema, "Aliniambia nitupe. Nikaona heri niweke." Kisha akaniambia lililobaki, akiwa anatazama sombe. Mikono ilianza kukutetemeka kabla ya ile barua ya Kabambare. Ulijificha. Kumbe zile kazi ndogondogo ulizoniachia zote, "ufanye weye, ujifunze", hazikuwa masomo. Hukuweza tena kazi ya mteja; hata zile kadi na vibanzi vilikuchukua usiku mwingi. Mifupa yote iliyotoka kwenye atelie ile miaka sita ilitoka mikononi mwangu, na watu wakaja kukushukuru wewe, na wewe ukapokea. "Alisema Feza akienda," Mama Veronika akaniambia, "watu watajua kama si ye anatengeneza."

Basi ni hilo. Uliogopa watu wajue.

Nimeligeuzageuza hilo wiki nyingi. Siku nyingine nakuona ukiwa peke yako mezani, mkono unatikisika juu ya mfupa, unasikia hatua zangu mlangoni na unauficha chini ya meza, na moyo wangu unalainika kabla sijauzuia. Ugonjwa si kosa. Woga pia si kosa, mimi mwenyewe ni mwoga, niliacha gitaa kwa Jumapili moja. Lakini Papa, ungeniomba. Ungeniambia tu, Feza, mikono yangu inatetemeka, usiende. Ningebaki. Ningerudisha jibu Kabambare siku ileile, ningebaki nikiwa mpigaji, ningepiga hapa Kasongo kila Jumapili, na jioni ningekutengenezea mifupa yako na nisingemwambia mtu mpaka kufa. Hilo ndilo nisilolimeza. Ulichukua kwa wizi kitu ambacho ungepewa kwa neno moja.

Au nisingebaki? Nimejiuliza pia. Pengine wewe ulinijua kuliko ninavyojijua, ukaona ningekubali kwa mdomo na kuondoka baada ya mwaka. Sitajua kamwe, kwa sababu hukunipa nafasi ya kujibu. Umeniibia hata hilo jibu.

Nililishusha gitaa langu mwenyewe. Nilivunja sheria, nikapima langu kwa mkono wangu. Vibanzi vyote vinne nje, mfupa nikausugua kidogo, kadi tatu, zile za kweli. Siku ya kwanza nililipiga nusu saa na mlango umefungwa. Vidole vilikuwa vimelainika kwa kutopiga, vikachubuka, lakini vilikwenda mahali nilipovituma. Kile kidole cha kwanza kililala juu ya nyuzi zote sita na zote sita zikaitika. Niliweka gitaa chini nikapiga meza kwa ngumi, mpaka kopo la misumari likamwagika. Miaka mitano nimeamini Mungu alininyima.

Mwamini nilimrudishia gitaa lao, nikampigia wimbo mmoja kabla hajapanda pikipiki. Hakusifu. Alisema, "Nafasi yako iko. Hatukuweka mutu." Nilimwambia nitajibu baada ya matanga yako kuondolewa.

Matanga yako tumeyaondoa jana. Yalikuwa mazuri, ungefurahi. Watu walikuja toka Nyangwe na samaki, toka Lusangi, hata wale jamaa uliogombana nao juu ya kiwanja. Mama Veronika alivua nguo nyeusi, akavaa kile kitenge cha njano. Aliniomba nipige. Aliniomba akijua anachokiomba, macho yake hayakuinuka. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikakubali, kwa ajili yake. Nikapiga gitaa la mjomba, si lako. Nikaimba ule wimbo wa Kibangubangu ulionishinda Kabambare, toka mwanzo hadi mwisho.

Watu waliweka sahani chini, hata watoto. Wengine walilia. Na nilipomaliza, unajua walisema nini? Mzee mmoja wa mbele alisimama, akainua mkono, akasema, "Muone kazi ya Kalonda. Huyu dada ni Kalonda alimutengeneza." Na wote wakaitika, ndiyo, ndiyo, Kalonda alikuwa mtu, Kalonda alituachia mtu. Wakapita mmoja mmoja kunishika mkono na kuniambia jinsi ulivyonifundisha vizuri kupiga.

Bahasha ya vibanzi ilikuwa ndani ya mkoba wangu, magotini. Ningeweza kuifungua mbele yao wote. Nilimwona Mama Veronika akinitazama na kile kitenge cha njano, nikainama nikawaambia aksanti, aksanti sana. Sijui kama nilinyamaza kwa heshima au kwa kuchoka. Najua tu kwamba mara ya mwisho kabisa ulipokea sifa za mikono yangu, na safari hii ni mimi niliyekupa.

Sitafanya hivyo tena. Leo asubuhi nimejibu Kabambare. Ninaondoka keshokutwa, na gitaa la mjomba na zana zangu. Zana zako nimezipaka mafuta, nimezifunga kwenye gunia kavu, nimempa Mama Veronika pamoja na gitaa lako, ambalo aliniambia uliniachia mimi. Silitaki. Ufunguo wa atelie anao yeye. Wateja nimewaambia. Hakuna mwingine Kasongo wa kuifungua, wewe hukumfundisha mwingine na mimi hukuniacha nifundishe. Ulichokiogopa kimetokea, Papa, mlango umefungwa, na usingefungwa kama ungeniacha nipige.

Nimekaa kwenye benchi la nje kukuandikia haya. Jua ni kali na karatasi inaakisi mwanga, ninaandika nimekunja uso. Watu wanaopita wananisalimia wakidhani ninakulilia. Kweli ninakulilia. Ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa nakuchukia tu ningekuwa nimeshafika Kabambare.

Sasa kwaheri. Sitaandika kwamba nimekusamehe, kwa sababu sijakusamehe, na kati yetu wawili inatosha mmoja aliyedanganya. Watu watakuja hapo kaburini kukuambia Feza ameshasahau, Feza anaimba vizuri huko aliko, Feza hana neno na wewe. Usiwaamini. Siku nitakayokusamehe, kama itafika, nitapanda pikipiki, nitavuka magogo yale yote, nitakuja nisimame mbele yako nikuambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Hutaisikia kwa mtu mwingine. Hiyo ni ahadi.

Lala, Papa.

Feza